Ukiajiri hata mmoja, umekuwa mwajiri

Mwenye duka la vipuri Kariakoo ana vijana wawili wa kushusha mzigo. Mwenye saluni Sinza ana wasusi wanne. Mwenye shule ya awali Mbeya ana walimu watano, mpishi na mlinzi. Ukiwauliza hawa habari za sheria za kazi, wengi watakuambia kwamba hayo ni mambo ya viwanda, benki na migodi, kule kwenye maofisa rasilimali watu na wanasheria. Wao wanaona wamewasaidia ndugu, jirani na vijana wa mtaani kupata riziki, na kwamba wanachotoa kila mwisho wa mwezi kinatokana na makubaliano ya mdomo na utu wa kila upande.

Utu ni jambo jema, lakini sheria haikuishia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inawahusu wafanyakazi wote wa Tanzania Bara, wa serikalini na wa watu binafsi, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hata hao wanalindwa na vifungu vinavyokataza ajira ya watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya mwaka 2005. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mwenye wafanyakazi watatu amesamehewa likizo, mikataba au usawa. Siku unapomwambia mtu wa kwanza “njoo Jumatatu uanze kazi”, umebeba wajibu uleule unaobebwa na mwenye kiwanda cha watu elfu moja.

Makala haya yanamlenga huyo mwajiri mdogo, kwa sababu ndiye anayeajiri Watanzania wengi tunaokutana nao kila siku, na ndiye anayeingia kwenye migogoro bila kujua aliingilia mlango gani. Ninachotaka kumwambia ni kimoja: haki za mfanyakazi zina bei inayojulikana mapema na inaweza kupangwa, lakini bei ya kuzikiuka hupangiwa na mtu mwingine.

Yupi ni kibarua?

Kimbilio la kwanza la waajiri wengi ni kusema, “huyu si mwajiriwa, ni kibarua tu.” Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, imeliziba pengo hilo. Kifungu cha 61 kinataja dalili saba, na ikiwepo hata moja, mtu huyo anahesabiwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Je, unamwelekeza namna ya kufanya kazi? Unampangia saa? Ni sehemu ya shughuli zako? Amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anategemea malipo yako kuishi? Umempa vifaa vya kazi? Anakufanyia kazi wewe peke yako? Kijana anayefungua duka lako kila asubuhi kwa ufunguo uliompa ana dalili karibu zote saba, hata kama humlipi kwa mwezi na hata kama mmekubaliana kumwita deiwaka.

Kwa hiyo mwandikie. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri, mfanyakazi anapoanza kazi, ampe maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani na jinsia yake, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu mengine. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, kwa Kiswahili ambacho nyote mnakielewa. Maelezo hayo yatunzwe miaka mitano baada ya ajira kwisha.

Waajiri wanaokwepa kuandika hudhani kwamba pasipo na karatasi hapana ushahidi. Sheria imeligeuza jambo hilo juu chini. Shauri likifika mbele ya msuluhishi au mahakama na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Mfanyakazi akisema alikuwa akilipwa laki sita na wewe unasema laki nne, wewe ndiye wa kuthibitisha. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwajiri daftari hilo ni mkataba, kitabu cha mahudhurio, fomu za likizo na hati za mshahara.

Hesabu ya mfanyakazi mmoja

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kubuni anayelipwa shilingi 520,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Sheria inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku, bila kuhesabu mapumziko ya chakula. Jedwali la sheria linaelekeza kwamba ili kupata mshahara wa saa, mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara idadi ya saa za wiki. Kwa mfanyakazi wetu, saa moja inakuja takriban shilingi 2,667, na siku moja takriban shilingi 20,000.

Sasa kila jambo linapata bei yake. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 4,000, na saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili. Akifanya kazi saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima, na kila wiki lazima apate walau saa 24 za kupumzika. Mlinzi anayelala getini siku saba kwa wiki, mwezi hadi mwezi, anafanyiwa jambo lililo nje ya sheria, hata kama mwenyewe hajawahi kulalamika.

Juu ya mshahara kuna michango. Katika sekta binafsi, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hapaswi kukatwa zaidi ya nusu yake. Kwa mfano wetu, mwajiri atachangia shilingi 52,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unadai nusu ya asilimia moja, yaani shilingi 2,600, na fedha hiyo hutoka mfukoni mwa mwajiri peke yake, hairuhusiwi kukatwa kwa mfanyakazi. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi analipa pia tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5. Mshahara wenyewe usishuke chini ya kima cha sekta yako. Serikali ilitangaza Oktoba 2025 kwamba kima cha chini cha sekta binafsi kinapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026, na kila sekta ina kiwango chake katika amri ya mishahara.

Kuna kosa moja la madukani na hotelini ambalo limezoeleka hadi linaonekana ni haki. Mzigo ukipungua stoo au sahani zikivunjika, wafanyakazi wanakatwa mshahara papo hapo, wakati mwingine wote kwa pamoja. Kifungu cha 28 kinaruhusu kukata fidia ya hasara kwa masharti tu: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, awe amekubali kwa maandishi, awe amepewa nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kumkata asiyehusika kwa sababu tu alikuwa zamu ni kumdhulumu.

Likizo nayo si zawadi ya Desemba. Mfanyakazi anastahili siku 28 zenye malipo kila mwaka, sikukuu zikiwa ndani yake. Akiugua, anastahili hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Baba aliyepata mtoto ana siku tatu za likizo ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa.

Usawa huanzia kwenye tangazo la kazi

Pitia kuta za Mwenge au magrupu ya WhatsApp ya ajira. Utasoma: “Anahitajika msichana mrembo, umri miaka 18 hadi 25, asiwe na mtoto.” Utasoma: “Awe mwenyeji wa mkoa fulani.” Waandishi wa matangazo hayo hawaoni kosa lolote, lakini kila sharti hapo linagusa kifungu cha 7 cha sheria. Kifungu hicho kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kificho kwa misingi ya rangi, uraia, kabila au mahali mtu alikotoka, asili, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na hali ya maisha. Ulinzi huo hausubiri barua ya ajira. Sheria inasema waziwazi kwamba mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi kwa ajili ya kifungu hicho.

Mwajiri hakunyang’anywa haki ya kuchagua. Anaruhusiwa kuweka sharti linalotokana na kazi yenyewe. Dereva wa lori awe na leseni ya daraja husika, na anayebeba magunia awe na nguvu za kuyabeba. Lakini apimwe kwa kubeba, asipimwe kwa jinsia yake. Ikishaonekana kwamba upo uwezekano wa ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea au kwamba sharti lake lilikuwa la lazima kwa kazi ile. Maswali kama “umeolewa?” na “unatarajia kuzaa lini?” yaondoke kwenye usaili. Jibu lake halikusaidii kumjua mhasibu mzuri, na swali lenyewe laweza kuwa ushahidi dhidi yako.

Usawa unaendelea kwenye mshahara. Sheria inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha mwanamume na mwanamke wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tanzania iliridhia mwaka 2002 mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani inayohusu jambo hili, Na. 100 wa ujira sawa na Na. 111 wa kupinga ubaguzi kazini, na Ibara ya 23 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Mpishi mwanamume anayeitwa “shefu” na mpishi mwanamke anayeitwa “mama lishe” jikoni humohumo, wakipika vyakula vilevile kwa zamu zilezile, hawana sababu ya kupokea bahasha tofauti.

Unyanyasaji nao ni ubaguzi kwa mujibu wa kifungu hichohicho cha 7. Bosi anayeahidi kupandisha cheo kwa kutaka rushwa ya ngono, au msimamizi anayemtukana kijana kwa kabila lake mbele ya wateja, anaiweka biashara nzima hatarini. Kwa watu wenye ulemavu, Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Tembelea ofisi na viwanda uhesabu mwenyewe, uone jinsi agizo hilo lilivyoachwa bila kusimamiwa.

Kipimo kikubwa: mimba

Mahali ambapo usawa hujaribiwa kwa kweli ni pale mfanyakazi anapokuja na barua ya kliniki. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, na hapaswi kurejea kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari amethibitisha kwamba ana afya ya kutosha. Hatakiwi kufanya kazi za usiku miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada yake. Akirudi, anarudi kwenye kazi yake kwa masharti yaleyale, na ana hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayomwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni uachishaji usio halali, na hakuna barua iliyoandikwa kwa ustadi itakayoubadilisha.

Hapa lazima tuseme ukweli kwa pande zote. Kwa kampuni ya watu mia tano, siku 84 za mama mmoja ni jambo dogo. Kwa mwenye duka la dawa lenye watu watatu, ni theluthi ya nguvukazi, na pengine lazima amlipe mwingine wa kushikilia nafasi. Mzigo huo ndio unaozaa yale matangazo ya “asiwe na mtoto”. Mwajiri anayeogopa gharama anaanza kumwogopa mwanamke, na msichana aliyehitimu leo analipishwa mimba ambayo hajaibeba.

Dawa yake tunayo, na tumeshaitumia kwenye jambo jingine. Zamani fidia ya ajali kazini ilikuwa mzigo wa mwajiri mmoja mmoja, na aliyekatika kidole mashineni alibaki akimfukuzia bosi wake miaka nenda rudi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ikaunda WCF, na tangu Julai 2015 waajiri wote wanachangia kidogo kidogo, na mfuko ndio unaolipa matibabu, mshahara wa muda wa kuuguza jeraha, na pensheni kwa aliyelemaa au kwa wategemezi wa aliyefariki. Mwajiri mdogo hafilisiki tena kwa ajali moja, na majeruhi hategemei huruma. NSSF nayo tayari ina fao la uzazi, lenye masharti ya muda wa kuchangia. Kinachotakiwa ni kulipanua ili mshahara wote wa likizo ya uzazi utoke kwenye mfuko, kwa mama wa saluni kama kwa mama wa benki. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ulinzi wa uzazi unaelekea hukohuko, kwa kusema kwamba mwajiri asibebeshwe peke yake gharama hiyo. Uzazi ni faida ya taifa zima. Gharama yake igawanywe kwa taifa zima.

Kuachana kwa haki

Haki hizi zilipiganiwa. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947 kudai hali bora. Mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1964 nchi ikatunga sheria ya kuzuia wafanyakazi kufukuzwa ovyo. Sheria ya leo inaendeleza msingi huo kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki.

Waajiri wengi wana sababu, ila wanakosea utaratibu. Umemkamata mtunza fedha na upungufu, hasira zikapanda, ukamwambia “usikanyage tena hapa”. Huenda ni mwizi kweli, lakini ulitakiwa kuchunguza, kumpa tuhuma kwa maandishi, kumpa muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na kufanya kikao cha nidhamu kinachoongozwa na mtu asiyehusika na tuhuma. Yeye ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Baada ya hapo ndipo uamuzi utolewe kwa barua. Ulinzi dhidi ya uachishaji usio wa haki unamhusu aliyefikisha miezi sita kazini. Mtego wa kumpa mtu mikataba ya miezi mitatu mitatu kwa miaka hausaidii, kwa kuwa aliyekuwa na sababu ya kutarajia mkataba kuhuishwa anaweza kudai kwamba ameachishwa kazi. Na kama biashara imeyumba na lazima upunguze watu, watangazie mapema, waeleze sababu, shauriana nao kuhusu nani atapunguzwa na kwa vigezo gani.

Mfanyakazi anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri la uachishaji mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, na siku 60 kwa migogoro mingine. Huanzia kwa usuluhishi. Mwajiri mwenye busara huitumia nafasi hiyo kumaliza jambo, maana yanayofuata ni uamuzi, na pengine Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Hata mnapoachana kwa wema, kuna hesabu ya kufunga. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Alipwe siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuchukua. Kama ametimiza mwaka na wewe ndiye unayemwachisha bila kosa lake, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi. Yule mfanyakazi wetu wa shilingi 520,000, akiwa ametumikia miaka mitano, atapata takriban shilingi 700,000. Aondoke pia na cheti cha utumishi. Kukinyima kwa hasira ni kumfungia mtu mlango wa kazi nyingine.

Basi mwajiri mwenzangu, anza wiki hii. Waandikie wafanyakazi wako mikataba. Wasajili NSSF na WCF. Bandika ukutani haki za wafanyakazi, kama kifungu cha 16 kinavyokutaka. Futa umri na jinsia kwenye tangazo lako lijalo. Tenga kila mwezi fungu dogo la likizo na kiinua mgongo, ili siku ikifika usikope. Nayo Serikali, pamoja na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi, ipeleke likizo ya uzazi kwenye mfuko kama ilivyopeleka ajali za kazini. Mfanyakazi akilipwa haki yake, hakuna aliyemfadhili.